Nusu Saa ya Leta

Leta imesema: ukiendesha saa nne,
simama nusu saa.
Karatasi ilibandikwa getini, karibu na choo,
nasi mashofa tukaisoma, kofia mkononi,
kama watu waliosomewa jina la marehemu
wasiyemjua vizuri.

Nilifurahi, sikatai.
Miaka kumi na tisa nabeba shaba ya watu,
mgongo umekuwa springi iliyochoka.
Nikamwambia Mwadi: nifungie bukari na kapenta,
safari hii nitakula nimekaa.

Saa ya nne ilinikuta baada ya Likasi,
mahali pasipo duka wala bomba,
nyasi ndefu kuliko mlango wa kamio.
Sheria haikuuliza ni wapi.
Nikaegesha. Nikazima injini.
Kapya, utingo wangu, akashuka na nyundo ya magurudumu,
akazunguka gari, akazunguka tena,
maana nyasi zile zina watu,
na watu wale wana mikasi ya kukatia turubai.
Nusu saa nzima jicho langu liko kwenye kioo,
bukari inakauka ndani ya sahani.
Nikaandika daftarini: nimepumzika.
Kalamu haikuona haya.

Halafu Kasumbalesa.
Malori pua kwa mkia, siku tatu.
Unawasha, unasogea hatua sita, unazima.
Ukisinzia, wa nyuma anakung'uta honi;
ukizinduka, wa pembeni kesha kuchomekea pua.
Usiku vijana wanakuja na madumu na mpira,
wananyonya mazutu kimya kimya kama mbu,
na asubuhi mshale wa tangi
ndio unaokuambia uliumwa.

Tuliporudi, karani wa patroni
akalamba kidole, akafungua daftari, akahesabu:
«Gari limesimama saa sabini na mbili.
Hizo ni nusu saa mia moja arobaini na nne.
Shofa, hatudaiwi. Sisi ndio tunaokudai.»
Akagonga muhuri.

Basi katika Katanga yote
hakuna aliyelala kunizidi mimi,
Banza mwana wa Kisimba,
mwenye macho mekundu kama udongo wa Katuba!
Wafalme hawajapumzika hivi.
Maiti, labda.

Mkaguzi wa kazi alikuja mara moja,
kijana, shati limenyooshwa pasi, viatu vina vumbi la mguu.
Akaniuliza kwa upole, na upole ule ulinitisha:
Baba, wanakuacha upumzike?
Nyuma yake patroni alikuwa akichezea funguo,
moja, moja, moja,
kama anayechagua nyanya sokoni.
Nina watoto wanne
na ufunguo mmoja ambao si wangu.
Nikasema: ndiyo.

Akaandika ndiyo yangu.
Alipofunga kalamu akapiga mwayo,
mrefu, nikamwona hadi magego.
Na wewe, nikamnong'oneza, Leta imekulipa?
Hakujibu. Akanyoosha vidole vya mkono mmoja,
akafikiri kidogo,
akaongeza viwili vya mkono mwingine.
Miezi.
Tukatazamana pale getini, chini ya karatasi ile,
wachovu wawili walioandikwa kuwa hawajachoka.
Nikamgawia karanga zangu.
Akala amesimama.

Jumapili nalala nyumbani, kwenye mkeka, mchana kweupe.
Mwadi anasema mguu wangu wa kulia haulali:
unakandamiza, unakandamiza,
unatafuta breki isiyokuwepo.

Jana nimeamka na kitu kigumu nyuma ya kisigino.
Tofali.
Kitinda mimba wangu ndiye aliyeliweka,
kama alivyomwona Kapya akiweka kigingi kwenye gurudumu.
Nikamuuliza: hili la nini, mama?
Akasema: usiteremke.
Nikaliacha palepale.
Nikafumba macho.
Nikalala saa ambazo hakuna aliyeziandika.